Kidonge cha Mtaa wa Pili

Adhiambo wa Makongeni alikuwa na mdomo mkubwa na siri mbili. Ya kwanza ni kwamba huu ulikuwa mwezi wa nne akimeza dawa za kifua kikuu, na majirani alikuwa amewadanganya kuwa ni antibiotic za homa sugu. Ya pili ilizaliwa Jumamosi, mumewe Gordon, karani wa reli, aliporudi kutoka safari ya kikazi. Dawa zilikuwa zimemrudishia hamu ya kula, na kumbe hamu haziji moja moja.

Mpira ukapasuka. "Shindwe!" Adhiambo akafoka, lakini hapakuwa na pepo wa kukemewa, palikuwa na Gordon tu akitafuta taulo. Jamani, kwa miaka arobaini na tatu! Zedekiah, kitinda mimba wao, tayari alikuwa na ndevu. Na daktari alikuwa amemwonya asishike mimba kabla mapafu hayajapona. Adhiambo aliogopa, tena aliogopa kweli.

Ilibidi apate P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Sasa, mwanamke wa Makongeni hanunui P2 Makongeni. Huenda Mbotela, mtaa wa pili, asikojulikana. Wa Mbotela nao huja Makongeni kwa sababu hiyo hiyo, na mkikutana njiani, kila mtu anakwenda sokoni. Jumapili baada ya ibada Adhiambo akajitanda leso mpaka kwenye nyusi, akakata mitaa.

Kemisti ya Mbotela ilikuwa na Koki, binti mchangamfu mwenye sauti ya mnadani. "P2, mama? Kuna dawa nyingine unameza?"

"Antibiotic tu," Adhiambo akanong'ona.

"Ah, hizo hazina neno. Watu hudai zinaharibu P2, porojo tupu. Nyingi hazigusani nayo kabisa."

Akalipa, akatoka. Alipofika kwenye mtaro akasimama. Nyingi? Si zote? Ndipo alipokumbuka nesi wa kliniki ya kifua: ile dawa inayokufanya ukojoe rangi ya machungwa haipatani na vidonge vya kupanga uzazi. Siku hiyo alisikiliza kwa sikio moja. Mtu anayekohoa usiku kucha atapanga uzazi gani? Wa kemisti ya kwao walizijua dawa zake zote, wangemwambia papo hapo. Yeye akawakimbia, akaja kununua kwa asiyemjua. Mjinga mimi, akajisema.

Akarudi mbio. Sasa benchi la kemisti lilikuwa limejaa, na katikati aliketi Mama Wathome, mwenyekiti wa akina mama kanisani, yule aliyewafundisha wasichana kwamba P2 ni mwaliko wa shetani. Adhiambo akatamani ardhi immeze. Akafikiria kwenda zake na kumwachia Mungu. Lakini Mungu alishamwachia yeye tangu Jumamosi.

"Koki," akasema kwa sauti, "nilikudanganya. Niko kwa dawa za TB. Hii P2 itafanya kazi?"

Benchi likahama. Watu watano waliinuka kwa pamoja, Mama Wathome akiwa wa kwanza mlangoni, leso puani. Adhiambo akaketi, benchi zima lake peke yake.

"Siambukizi tena!" akawarukia. "Mkitaka kuogopa, ogopeni midomo yenu!"

Koki hakucheka. "Ndani ya dawa hizo za TB mna rifampicin, mama. Hiyo ndiyo tofauti na zile nyingine, inaimaliza P2 mwilini kabla haijafanya kazi. Kidonge hicho kimoja hakitoshi. Nakuongeza cha pili, umeze vyote viwili sasa hivi. Lakini ya uhakika ni koili ya shaba, ile inayowekwa kwenye kizazi, nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Na dawa za TB usithubutu kuacha!"

Adhiambo akavimeza palepale, machozi yakimlengalenga, hajui ni ya aibu au ya nafuu.

Koki akageukia mlangoni. "Na wewe, Mama Wathome? P2 ile ya kawaida?"

Mama Wathome akaitoa leso puani polepole. Akatazama barabara, akamtazama Adhiambo. Kisha akarudi ndani, akasimama mbele ya benchi.

"Sogea," akasema, akaketi.