Kaka Makarius na Kurasa za Warina Asali

Habari ilifika Jumanne asubuhi, Agosti 1999. Nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba yetu Mpanda, katekista Abednego akaja na baiskeli. Hakusalimia.

"Dada Hilaria, mwite mama kwanza."

Nikajua. Kaka yangu Makarius, aliyepelekwa Tabora kwa treni malaria ikiwa imempanda kichwani, alifariki alfajiri. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Naandika haya kwa ajili ya wanawe, Agape na Queen, ambao bado ni wadogo. Mungu akiwakuza, nataka wamjue baba yao alivyokuwa Jumamosi moja ya Juni.

Makarius alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kufanya kazi ofisi ya parokia, penye kompyuta moja na jenereta. Mwaka huo warina asali sitini na wawili wa Kabungu walipata mnunuzi kutoka ng'ambo. Mnunuzi huyo alitaka kuwaona kwenye mtandao, kila mmoja na ukurasa wake: jina, kijiji, idadi ya mizinga. Wasipoonekana, angechukua asali ya wilaya nyingine. Rafiki yake Kelvin alikuwa na seva Dar, na programu ya kutengeneza kurasa hizo, aliyokuwa akiiandika Makarius, ilipaswa kumfikia kwa disketi, kwa treni ya Jumamosi hiyo saa saba mchana.

Awali Makarius alifunga kila mstari wa ukurasa kwa alama zake za kunukuu. Moja ikisahaulika, programu nzima inagoma. Ijumaa akaingia nyumbani mbio.

"Hila! Sifungi tena mstari mmoja mmoja! Naandika ukurasa mzima kama barua, mistari hamsini kwa mkupuo. Chini naweka neno MWISHO, mashine inajua pa kuishia. Jina la mrina linajipachika lenyewe mahali pake!"

Akaninyanyua juu, mimi mtu mzima, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake, kwa kuwa nilijifunza kupiga chapa sekondari, alinipa nichape ule ukurasa kutoka karatasini, pale ofisini parokiani. Nikauchapa kwa unadhifu wote. Programu ikakataa.

"Inasema haioni MWISHO," alisema.

"Si huo hapo?"

Mzee Silvesta, mrina wa Kabungu, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri.

"Mjomba, nyuki wangu wana akili kuliko hilo sanduku."

"Nyuki wako wanauma, mzee. Hili halijauma mtu."

"Basi subiri treni ikuache, ndiyo utaumia."

Ilikuwa saa tano na nusu. Makarius alipitia mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, akiimba wimbo wa kwaya kwa pua. Ghafla kidole kikasimama.

"Hila, nani kalisogeza neno hili kulia?"

"Mimi. Barua si hufungwa upande wa kulia? Ndivyo tulivyofundishwa."

Alicheka machozi yakamtoka. "Mdogo wangu, mashine hii haikusoma shuleni kwenu! Inalitaka ukingoni kabisa kushoto, peke yake. Likisogea kidogo tu, inadhani barua bado inaendelea!"

Akalirudisha. Akabonyeza. Silvesta wa Kabungu akatokea kwenye kioo, mizinga arobaini na minane! Kisha mwingine, na mwingine, wote sitini na wawili! Mzee alisimama akipiga makofi.

"Mpaka mizinga yangu linaijua!"

Tulikimbia stesheni, disketi ndani ya bahasha, tukamkabidhi mlinzi wa behewa treni ikiwa imeshapiga honi. Wiki tatu baadaye Kelvin alipiga simu parokiani: mnunuzi ameziona kurasa, asali ataichukua.

Shehena ya kwanza iliondoka Makarius akiwa kitandani.

Mwili ulifika Alhamisi. Warina walikuja na baiskeli kutoka Kabungu, wakachimba kaburi wenyewe, wakabeba jeneza kwa kupokezana kutoka kanisani. Misa ilikuwa imeanza saa nane. Mama alitupa udongo wa kwanza, kisha watoto, kisha mimi. Mzee Silvesta alisimika msalaba. Tukasali, tukaimba, tukarudi nyumbani.