Maxine na Abiria Wasio na Mabegi

Kufikia chai ya saa nne asubuhi, Maxine Threlfall kwa kawaida alikuwa ameshaua watu kadhaa. Hakuwa na kinyongo nao. Walikuwa vitone vya rangi kwenye kompyuta, kila kimoja na umri wake, uzito wake na upana wa mabega yake, wameketi ndani ya ndege ambayo nayo ilikuwa mistari mitupu. Maxine aliwasha moto chini ya kiti, akauacha moshi utambae darini, kisha akatazama nani anafika mlangoni na nani anaishiwa pumzi njiani. Waliokufa waligeuka kijivu. Kwa kazi hiyo taasisi moja huko Lincolnshire, kando ya uwanja wa zamani wa ndege za vita, ilimlipa mshahara, na kila Krismasi ikampa kadi.

Alikuwa binti wa muuza samaki wa Grimsby, na kwa baba yake alirithi mikono mikubwa na hasira. Mikono haikumfaa sana kwenye hesabu. Hasira ilimfaa. Mume wa kwanza aliondoka akilalamika kwamba huwezi kuishi na mtu ambaye kila mkiingia sinema anauliza mlango wa nyuma uko wapi. Wa pili alidumu, kwa kuwa hakupenda sinema. Ndege yenyewe Maxine alikuwa hajaipanda kwa miaka mingi, na akiulizwa sababu alijibu kwamba anayetengeneza soseji haagizi soseji.

Hasira ya mwaka ule ilitokana na safu moja ya viti. Kampuni fulani ya ndege ilitaka kuiongeza karibu na mlango wa nyuma, na taasisi ilitakiwa ithibitishe kwamba hata hivyo, moto ukizuka, abiria wote watatoka kabla moshi haujawamaliza. Maxine ndiye aliyeulea ule mfano wa kompyuta, na desturi ilitaka ripoti iende na saini yake. Akawaendesha abiria. Wakatoka wote. Halafu akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu: akawapa mabegi.

Maana abiria wa kompyuta walikuwa viumbe wa ajabu. Wakiambiwa tokeni, walitoka. Hawakufungua kabati la juu, hawakung'ang'ania sanduku la magurudumu, hawakurudi kutafuta pasipoti. Malaika watupu. Na Maxine, kama kila mwenye simu, alikuwa ameona video za binadamu wakiteremka kutoka kwenye ndege inayowaka huku wamekumbatia masanduku kama watoto wachanga. Alipowapa mabegi theluthi tu ya vitone vyake, ujia ulikabwa kama koo lenye mwiba, na ile safu mpya ikageuka kijivu yote, pamoja na majirani zake.

"Toa mabegi," alisema mkuu wake, Dokta Julian Garside, mtu mpole mwenye sweta za bei kali.

"Nitayatoa abiria wakiyaacha."

"Max, mpenzi, mteja hakuuliza habari za mabegi."

"Ameuliza kama watu watatoka. Hawatoki."

"Huna takwimu. Una video za simu na hasira." Garside akatabasamu, jambo ambalo halikusaidia. "Tufanye jaribio, na watu halisi. Wakichukua mabegi, mimi nanyamaza. Wasipochukua, unasaini. Sawa?"

"Sawa," Maxine akasema. Kosa lake ni kwamba hakuuliza watu hao halisi watatoka wapi.

Walitoka kulekule walikotoka siku zote. Katika mji ule, kukimbia moto wa ndege kulikuwa kama sherehe ya mavuno: kuna wenyewe. Wapiga kengele wa kanisa, timu ya raga na akina mama wa kwaya walikuwa wameshakitoroka kiwiliwili cha ndege ya mazoezi kilichowekwa ndani ya hanga, banda la ndege la taasisi, mara nyingi kuliko walivyopanda ndege inayoruka. Walijua mlango upi unakwama. Kila mmoja alikuwa na kiti chake, na ole wako ukikikalia. Norris Peachey, mkuu wa wapiga kengele, mzee mwenye goti la chuma, alichomoka kama kijana kwa sababu alijua kila mahali pa kushika.

"Maxine, binti yangu, leo unatuchoma au unatuzamisha?"

"Nawachoma, Norris."

"Afadhali. Maji hayalipendi goti."

Garside alikuwa ameandaa mabegi. Yalifanana kama mayai, yamejazwa magazeti ya zamani.

"Julian, haya ni ya nani?"

"Ya jaribio."

"Na nani atakufa kwa ajili ya magazeti ya wiki jana?"

"Uzito wake ni sahihi," Garside akasema, kwa utulivu wa mtu aliyepima.

Moshi wa kuigiza ukajaa, filimbi ikalia, na watu wakamiminika nje kama maji ya bomba. Akina mama wa kwaya walihimizana: "Tangulia, Doreen!" "Aka, tangulia wewe!" Hata kupishana walipishana mbio. Hakuna begi lililoguswa. Garside alimtazama Maxine kwa huruma, na huruma ile Maxine angeipiga kwa kiti kama ingekuwa na kichwa.

Wakaenda kunywa chai kwenye ukumbi ulioshikana na hanga. Kulikuwa na mkate wa zabibu kavu na jibini, na kila mtu akimsifu mwenzake alivyonusurika. Mlango wa katikati mtu alikuwa amesahau kuufunga. Moshi ukawafuata taratibu kama mgeni asiyealikwa, na king'ora cha ukumbi, ambacho hakikuwa na habari kwamba ni maigizo, kikaanza kulia.

"Tokeni!" Maxine akapaza sauti toka mlangoni. "Acheni vitu, tokeni!"

Mashujaa wa hanga walikuwa wamegeuka watu. Vijana wa raga walijazana kwenye mlango wakitafuta simu. Norris alikuwa anarudi ndani dhidi ya mkondo, akitumia kiwiko.

"Norris, unakwenda wapi?"

"Funguo za gari, binti yangu!"

"Doreen, acha huo mkoba!"

"Dawa zangu zimo humo! Wewe ndiye utanipa dawa?"

Na chini ya meza, magoti sakafuni, sweta imeshika vumbi, alikuwa Dokta Garside akichomoa waya wa laptopu.

Walikusanyika nje mvuani. Garside aliikumbatia laptopu kifuani.

"Kabla hujasema neno," akasema, "lile halikuwa jaribio. Ilikuwa chai."

"Ndiyo maana walichukua."

"Tulikubaliana, Max. Mabegi hayakuchukuliwa. Unasaini."

Maxine Threlfall alikuwa hajawahi kuvunja ahadi, hata zile za ndoa, ambazo aliyezivunja alikuwa mume wa kwanza. Alihisi uso ukimwaka kuliko kiti chochote alichowahi kukiwasha.

"Nilikupa neno langu," akasema. "Sasa nalichukua. Saini mwenyewe, na jina langu lisionekane hata kwenye shukrani."

Garside hakusaini. Haikuwa dhamiri, au haikuwa dhamiri peke yake. Mtu asiyependa kelele hapendi pia kuwa wa kwanza kuulizwa. Aliandika kwa mteja kwamba matokeo yanahitaji uchunguzi zaidi. Mteja akashukuru sana, akaipeleka kazi kwa watu wengine ambao abiria wao bado ni malaika. Safu ile ikapitishwa. Maxine alisoma habari hiyo mezani kwake, akasimama, akavaa koti, na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Norris Peachey.

"Nimekuja kukwambia kwamba kwenye hanga hamtakuja tena. Wewe, kwaya, raga, wote. Nitatafuta watu ambao hawajui mlango uko wapi."

"Unatufukuza? Baada ya miaka yote hii? Tumekosa nini?"

"Mnatoka vizuri mno, Norris. Mwendo wa abiria wa kompyuta tuliupima kwenu; kule kila abiria ni wewe. Ndiyo maana wanaweza kuongeza viti."

Mzee alikamata kitasa. Kisha akambamizia mlango usoni, na Maxine akabaki kizingitini akiona kwamba, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, kuna mtu mwingine aliyekasirika kiasi kinachostahili.