Mafuta ya Bibi Harusi wa Malambo

Katika makavazi yetu hapa Karatu, Nosim haruhusiwi kula kitunguu. Haoti moto, hajipaki losheni, na akiona mtu anavuta sigara huvuka barabara. Kazi yake ni kutengeneza upya manukato ya kale ya Ngorongoro, ili yawekwe kwenye chupa kabla wanaoyajua hawajaisha. Pua yake ndiyo mizani. Kwao Malambo kila nyumba ina moshi, kwa hiyo nako haendi.

Mwezi uliopita binti yake, Nailantei, alikuwa anaolewa. Nosim akamwomba ruhusa mkuu wetu, Vedasto.

"Ukienda utarudi na boma zima puani," Vedasto akasema. "Na wafadhili wanasubiri mafuta ya bibi harusi. Yakiwa sawa, nenda hata leo."

Mafuta hayo ni siagi iliyolazwa na majani na magome yenye harufu. Zamani bibi harusi alipakwa asubuhi ya kuondoka kwao. Nosim mwenyewe alipakwa na mama yake, Ngoyai, ambaye wanawe humwita Yeyo. Majani aliyapata, magome aliyapata, lakini kila alipofungua chupa alitikisa kichwa.

"Safi mno," alisema. "Yananukia duka."

Mdogo wake, Lekoko, aliyekuwa ameleta mbuzi mnadani, alinusa akacheka. "Dada, siagi hii imelala wapi?"

"Kwenye friji."

"Ya Yeyo ililala kwenye kibuyu. Umekuwa Mswahili kiasi hicho?"

Nosim akaifunga chupa. Kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kaa la oloirien, mti mgumu ambao moshi wake hauondoki. Alikuwa amejinyima moshi miaka mingi, hata akausahau ndani ya harufu ile ile aliyokuwa akiitafuta.

Lekoko akaleta kibuyu na ukuni. Nosim akawasha, akasugua kibuyu ndani kwa kaa, akamimina siagi. Moshi ukajaa chumba, ukaingia nywele zake. Kesho yake aliinamia mafuta, akavuta pumzi, akarudia.

"Vipi?" Vedasto akauliza.

"Sijui. Nasikia moshi tu, hata kwenye maji ya kunywa."

"Siwezi kuwapa wafadhili kitu usichokijua."

"Mama atajua. Niyapeleke."

"Yapelekwe, wewe ubaki. Pua ipumzike. Yakiwa na kasoro utaanza upya. Mama akisema ndiyo yenyewe, unaondoka."

Mafuta yakaondoka na Lekoko kwenye pikipiki, chupa moja tu ikabaki. Nosim akabaki na simu mkononi. Kwao mtandao hupatikana kilimani tu, na Ngoyai hapandi upesi.

Simu ikalia Jumamosi, siku ya harusi, jua likiwa limeshapanda.

"Ndiyo yenyewe," Ngoyai akasema. "Nilipofungua nilidhani umeingia ndani. Nimempaka mtoto kichwani na mabegani."

"Nipe niongee naye, Yeyo."

"Ameshaondoka. Nimemsindikiza kwanza, ndipo nikapanda huku. Hakugeuka nyuma, kama inavyotakiwa."

Vedasto akachungulia mlangoni. "Wamesemaje?"

"Ndiyo yenyewe."

"Si nilikwambia? Haya, ruhusa unayo. Nenda."

"Niende kwa nani?"

Nosim akaivuta chupa iliyobaki, akaifungua, akainusa taratibu. Alisikia moshi tu.