Simiti ya Soko Ilikunywa Ule Unga

Hapana, maji haingetoa ule unga. Maji ndio iliharibu. Najua mtauliza tu, nyinyi wasichana mmeanza kufagia juzi.

Mimi nilitoka kuchuna chai nikaandikwa kufagia soko hapa Bomet. Siku ya kwanza nyapara akanisimamia na ile lafudhi yake nzito: "Wee mama, pinda mkongo! Unafagia kama pipi arusi!" Akanifunza: nyunyiza maji kwanza, vumbi ilale, ndio ufagie. Nikazeeka nikifanya hivyo. Inspekta wa soko alikuwa anapita na viatu inang'aa: "Very good, mama, very good." Jina yangu hajui.

Sasa kuna mnunuzi wa chuma kuukuu usiku mmoja alipasua hapa soko kamashini ya watu wa barabara, ile ya kupima kama lami imeshikana. Ndani kulikuwa na unga ya mionzi. Mionzi haionekani, hainuki, na inakula mwili polepole. Unga ikamwagika kwa veranda za maduka. Asubuhi sisi tukaona vumbi tu. Nyapara: "Nyunyiza maji!" Tukanyunyiza.

Wataalamu wakakuja wamevaa kama warina asali, na kamashini ingine ya kupima mionzi, inalia tik-tik-tik. Mkubwa wao, daktari, ananong'ona kama yuko matanga: "Ingebaki kavu tungeivuta na mashini. Sasa simiti imekunywa."

Nyapara akaruka: "Mimi sikusema maji! Ni hawa wamama!"

Vioo ya maduka ilioshwa, unga ikatoka. Rangi ya ukuta wakabandua. Simiti ilikataa, wakaivunja, wakapakia kwa mapipa, wakamwaga ingine.

Halafu wakatupima sisi. Mikono, kimya. Miguu yangu, tik-tik-tik! Nilikuwa nafagia na slipa, na haya magaga yangu imepasuka kama hiyo veranda. Wakasugua na jiwe mpaka damu. Bado.

"Itaisha na ngozi, mama," daktari akasema. "Hauwezi kuambukiza mtu."

Ikaisha kweli. Akanipima tena, kamashini ikanyamaza. Nikafurahi kama mjinga, maana mimi nilitaka tu fagio yangu. Watu husema nilistaafu. Kustaafu ni keki na hotuba, mimi sikuona.

Nilifika soko asubuhi, nimeinama naanza. Wenye maduka wakatoka nje, wakaita inspekta. Akasimama mbali, kitambaa kwa pua.

"Daktari amesema niko sawa," nikamwambia.

"Mama, soko tumesafisha. Uchafu imebaki ni wewe."