Waya wa Pampu

Rubani mmoja wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, waliyemwita Kipanga, alikuwa na desturi nzuri. Kabla ya kupaa alilizunguka shamba kwa pikipiki pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyemwongoza kwa redio kutoka chini. Kila waya waliuonyesha kwa kidole na kuutaja kwa sauti.

Asubuhi ile waliutaja waya wa umeme wa pampu ya maji, pembeni mwa mpunga. Kipanga akapita chini yake mara nyingi, magurudumu yakikaribia kugusa majani. Mwishoni akageuka kumalizia kona iliyosalia bila dawa, akili yote ikiwa kwenye kona. Shemeji akamwonya. Lakini Kipanga alikuwa ameshazima redio, maonyo yalimchosha. Ndege ikanasa waya, ikabwagika matopeni. Akatolewa amevunjika mkono, nguo zimelowa dawa.

Kuusahau waya unaoufahamu ni hatari ya kazi ile. Anayeruka chini chini hana nafasi ya kujirekebisha. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa alichomjibu meneja.

"Sikuonywa."

Shemeji akasimamishwa kazi. Mafundi wakamtania, "Bwana redio, ulikuwa unasikiliza mpira?" Kipanga, mkono umefungwa shingoni, akacheka nao.

Jumapili shemeji alikuja kumuaga dada yake. Alikuwa anakwenda kutafuta kibarua mbali.

"Kaka, ulimwonya au hukumwonya?" dada akauliza.

"Muulize mumeo. Mimi siku hizi sina sauti."

Kipanga akaikodolea macho sakafu.

"Alinionya, nadhani. Nilizima redio."

"Unadhani?" mkewe akasema.

"Alinionya."

"Kumbe mdomo unao. Kesho upeleke ofisini. Na wewe kaka, keti, huendi popote."

Kesho yake Kipanga akaenda. Aliwakuta mafundi wakinywa chai, akayasema hayo mbele yao na mbele ya meneja. Hakuna aliyemtania, naye alitamani mmoja wao amtanie. Mmoja alimwaga chai yake chini, akarudi kwenye injini.

Shemeji akaitwa, akarudishiwa kazi yake.

"Nashukuru, bosi," akasema. "Ila naomba nipangiwe rubani mwingine."

Meneja akamgeukia Kipanga. Kipanga akaitikia kwa kichwa, bila kuinua macho.