Matanga ya Madubwana

Kibarazani kwa Dorika, nyuma ya stendi ya Masasi, kuna cherehani moja, mabenchi mawili na meza ya kukatia vitambaa. Jumamosi ikishapita saa tisa mchana, hakikatwi kitambaa mezani hapo hata aje bibi harusi mwenyewe. Saa hiyo panachezwa Madubwana.

Usiyeujua mchezo huu usione haya, wasioujua ni wengi. Ni kadi kama za karata, ila kila moja ina mnyama wake wa ajabu, nguvu zake na uhai wake. Zinauzwa kwa pakiti huko Dar es Salaam, na mpaka uifungue hujui umepata nini. Unazikusanya, unabadilishana na wenzako, unapanga fungu lako la kadi arobaini, halafu unalituma dubwana lako likalitafune la mwenzio. Watu wazima na akili zao! Fundi redio, dereva wa bodaboda, mwalimu wa hesabu, wote wameinamia meza wanabishana kama kobe anaweza kumzuia kinyonga mwenye mabawa.

Ubishi ukipamba moto, wanamgeukia fundi cherehani.

"Mama Furaha, hapo sheria inasemaje?"

Dorika, ambaye watu humwita Mama Furaha kwa jina la bintiye anayesomea ualimu Mtwara, hutoa sindano mdomoni, hukunjua miwani, na kusema. Akishasema, imekwisha.

Heshima hiyo hakuiokota. Miaka mitano nyuma alimshonea magauni mwalimu mmoja mgeni, wa kujitolea, na yule dada alipokuwa anarudi kwao akamwachia boksi zima la kadi pamoja na kijitabu cha sheria cha Kiingereza. Mwingine angewashia jiko. Dorika, aliyeishia kidato cha nne na kuumia moyoni kila akikumbuka, alinunua daftari na kukaa na kamusi miezi mitatu, akikifasiri kijitabu kile neno kwa neno katikati ya kupindisha suruali za watu. Lile daftari ndilo lililokuwa shahada yake. Alilifunika kwa kitambaa cha kitenge, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa mikono yenye mafuta.

Tatizo ni kwamba kijitabu kilikuwa na pengo. Karatasi ya katikati ilikuwa imechomoka, sijui ilipotelea wapi, basi ukurasa wa kumi ulifuatwa na wa kumi na tano. Na ukurasa wa kumi ulimalizikia hivi: "Dubwana likifa, lipelekwe kaburini. Kisha…"

Kisha nini? Dorika alilala na swali hilo wiki nzima. Mwishowe akajiona mjinga kuuliza. Mtu akishapelekwa kaburini, kisha kuna nini tena? Kuna matanga. Hata mtoto wa Masasi anajua. Huwezi kumzika mtu saa nane, saa tisa ukaingia kwa mfiwa na fimbo. Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kisha ni zamu ya matanga. Aliyeua asishambulie tena mpaka zamu yake irudi." Na hakuandika pembeni kwamba hayo ni yake.

Mchezo ukanoga kwa hiyo sheria, lazima tuseme ukweli. Dubwana likifa, watu walinyamaza kidogo, mwenye kufiwa akapewa pole, wengine wakasonya kwa huzuni za uongo, ndipo mambo yakaendelea.

Mpaka siku ya Mahmudu.

Mahmudu, Baba Esha, ni Mmakonde wa Kitangari, Newala, aliyekuwa akitengeneza redio chumba cha pili kutoka kwa Dorika. Dorika ni Mmakua, kwa hiyo walikuwa watani, na hawakuacha utani wao ulale njaa. Yeye alimwita Dorika "Hakimu wa vifungo", Dorika alimwambia kwao Newala, kwa shida ya maji, watu huoga kwa kupangusa umande. Mahmudu alikuwa na kadi moja aliyoipenda kupita kiasi, Kakakuona wa dhahabu, inayong'aa ukiigeuza kwenye jua. Aliipata katika pakiti aliyonunua mwenyewe Dar es Salaam, akaitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na akaionyesha hata kwa wateja walioleta redio zao tu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, alicheza na Erasto, kijana wa bodaboda, na walikubaliana mshindi achague kadi moja ya mwenzake. Mahmudu aliliua dubwana la mwisho la Erasto lililokuwa mezani. Yeye alikuwa na dubwana lingine pembeni, tayari kummaliza, akainua mkono ashambulie.

"Matanga," akasema Dorika.

Mahmudu akaushusha mkono polepole. "Mama Furaha, bila utani. Hii sheria ya matanga imeandikwa kweli kwenye kitabu?"

Benchi zima likamtazama Dorika. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kusema ukurasa umepotea. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwepo, na ulimi ukawahi mbele ya moyo.

"Imeandikwa," akasema, miwani mkononi haijakunjuliwa.

Zamu ikaenda kwa Erasto, Erasto akateremsha dubwana jipya, akashinda, na akachagua kadi ambayo kila mtu alijua ataichagua. Mahmudu alimkabidhi na mfuko wake wa nailoni. "Neno la Mama Furaha ni neno," akasema, akatabasamu. Mwezi wa pili alifunga chumba, akarudi Kitangari kushughulikia mikorosho ya marehemu baba yake. Dorika alijiambia ni mikorosho iliyomwita. Alijiambia hivyo mara nyingi mno, na jambo la kweli halihitaji kuambiwa mara nyingi.

Basi mwaka huu, mwezi wa kumi, akahamia Masasi nesi mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Pendo. Akapita kibarazani kupunguza sare yake kiunoni, akaona kadi, akapiga kelele ya furaha. Jumamosi iliyofuata alikuja na fungu lake na kijitabu chake, kizima, na karatasi ya katikati ikiwa mahali pake.

Dorika alikiomba. Alisubiri watu washughulike na mchezo, akafungua ukurasa wa kumi, akavuka hadi wa kumi na moja.

"Kisha endelea na zamu yako kama kawaida."

Akasoma tena. Akaangalia kamusi, ingawa maneno yote aliyajua. Uso ulimwaka. Kwa hiyo kule kwa wenye mchezo, dubwana likifa hakuna pole, hakuna nini, unaendelea kutafuna. Washenzi, alisema moyoni, na papo hapo akajua kwamba si wao wenye kosa. Kukisia vibaya si aibu. Aibu ilikuwa lile neno moja, "imeandikwa". Kwa neno hilo alimnyang'anya mtani wake mchezo aliokwisha kuushinda.

Hakuna aliyejua. Pendo alikuwa mgeni, mpole, angenyamaza ukimwomba. Dorika angeweza kukifunga kijitabu na kuendelea kuwa hakimu mpaka uzeeni. Alikaa na wazo hilo siku nne, na katika siku hizo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Siku ya tano alimwita Erasto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Ule ushindi wako wa Kakakuona haukuwa halali. Kosa ni langu, si lako." Akamweleza yote, na neno "imeandikwa" hakuliruka.

Erasto alikuna kichwa. "Sasa mama, mimi si nilishinda kwa sheria iliyokuwepo?"

"Ulishinda. Ndiyo maana siamuru kitu. Nimekwambia tu nilichofanya."

Kijana aliondoka amenuna, na pikipiki yake ilinuna naye. Kesho yake asubuhi alipita bila kuzima injini, akaacha mfuko wa nailoni juu ya cherehani. "Lakini utanitengenezea zipu ya koti, mama." Dorika alikaribia kulia. Alimtengenezea zipu, akamwekea na mfuko mpya wa ndani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Dorika ilikuwa ndefu, tena ya kupanda. Alipanda basi la Newala alfajiri, likakwea mlima likiunguruma, na kule juu akapanda bodaboda mpaka Kitangari. Mabibo yalikuwa yameiva, harufu yake imejaa njia nzima, na watu walikuwa mikoroshoni wameinama. Njiani alipanga maneno kwa namna kumi tofauti, akayasahau yote.

Nyumbani kwa Mahmudu alikuta mlango umefungwa. "Yuko bombani," jirani akamwambia. "Leo maji yametoka."

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo na madumu kufika barabarani. Wenye ndoo walikuwa wamekaa kivulini pembeni, na Dorika alisikia sauti za ubishi kabla hajaona nyuso.

"Haiwezekani! Ameua, akae! Ni matanga!"

Alisogea. Juu ya kanga iliyotandikwa chini kulikuwa na kadi. Si za dukani. Zilikatwa kwenye maboksi ya biskuti, zikachorwa kwa kalamu ya wino madubwana ya huko huko: kenge wa vichwa viwili, kanga wa chuma, na jitu moja lenye sura ya kinyago. Katikati yao alikaa Mahmudu, na mkabala naye mama mmoja mwenye mvi, Bi Ziada, aliyekumbatia kadi zake kifuani kama mtu atakayeporwa.

"Nani kasema kuna matanga?" Bi Ziada alikuwa anauliza.

"Sheria," Mahmudu akajibu. "Kuna mama Masasi amekisoma kitabu chote. Akisema yeye, hakuna mwingine." Akainua macho. "Na Mungu si Athumani, huyu hapa! Hakimu wa vifungo! Umefuata umande wetu?"

Watu wakacheka, wakamsogezea nafasi, na Bi Ziada akapokea shikamoo yake. Dorika hakukaa. Aliona kwamba akikaa, akipewa maji, akiulizwa habari za Furaha, hatasema tena.

"Baba Esha, bila utani," akasema. "Uliniuliza kama imeandikwa. Nikasema imeandikwa. Haikuandikwa. Ukurasa ulikuwa haupo, nikaandika yangu, nikaona aibu kusema mbele za watu. Siku ile ulikuwa umeshinda."

Akatoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kanga. Kakakuona akang'aa.

Mahmudu hakuugusa. Utani ulimtoka usoni wote, na Dorika akaiona hasira yenyewe, iliyokaa karibu mwaka mzima bila kupata pa kutokea. "Nilijua," akasema. "Sikuijua sheria, ila wewe nilikujua. Siku ile miwani uliishika tu, ukajibu bila kuikunjua. Nikasema, mtani wangu huyu, ananidanganya mbele ya kina Erasto kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kuonekana najua."

Ndoo moja bombani ikajaa na kumwagika, mwenyewe akaikimbilia. Dorika aliziangalia kadi za maboksi zilizotandazwa juu ya kanga.

"Na bado umewafundisha watu sheria yangu," akasema taratibu.

"Niliipenda," Mahmudu akajibu kwa shingo upande. "Wewe ndiye niliyekukasirikia, si matanga."

Bi Ziada, ambaye alikuwa akigeuza shingo kwa huyu na kwa yule, sasa akaingilia. "Ngojeni kwanza. Kitabu cha haki kinasemaje mnyama akifa?"

"Kinasema endelea kama kawaida, Bi."

"Kama kawaida? Kaburi bichi?" Bi Ziada alishika kiuno. "Hapana. Hicho kitabu kibaki huko huko. Hapa bombani tuna matanga." Na wote waliokaa kwenye kanga wakaitikia, ingawa dakika tano nyuma matanga hayo hayo yalimkosesha ushindi Bi Ziada mwenyewe.

Mahmudu akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima. Akaichukua kadi yake, akaipangusa kwa kikoi, akaichomeka katikati ya zile za maboksi. "Mtani, nakutoza. Utakaa foleni badala yangu mpaka ndoo zangu tatu zijae, na utacheza na Bi Ziada, na utafungwa."

"Nakubali yote," Dorika akasema, na sasa akakaa. "Ila sheria msiniulize tena. Hukumu yangu imeshaharibika."

"Imeharibika wapi?" Mahmudu alisema, akichanganya kadi. "Zamani tulikuamini kwa sababu ulikuwa hukosei. Sasa tunajua ukikosea unapanda mlima kuja kusema. Nani mwingine wa kumuuliza?"

Dorika alijifanya anatafuta miwani mkobani, akaitafuta muda mrefu. Wakampa fungu la maboksi. Alifungwa mara mbili na Bi Ziada, haraka kuliko alivyotegemea. Katika mchezo wa tatu Bi Ziada alilaza kadi mbili chini, akauliza kama kenge mwenye vichwa viwili huhesabiwa amekufa kikikatwa kimoja, na watu wote wakamgeukia mgeni.

"Sijui," Dorika akasema. Lilitoka jepesi, wala halikumuuma. "Kenge huyo mmemchora wenyewe. Mnaonaje?"

Ubishi ukaanza upya, na ndoo ya kwanza ya Mahmudu ikafika bombani, Dorika akainuka kwenda kuikinga.