Mikono Ndani ya Karai

Harufu ya sabuni ya kipande haijabadilika tangu nikiwa mtoto. Jumamosi mimi hufulia juu ya paa la ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga hapa Kayole, Nairobi, na nikishaanika shuka la kwanza, upepo ukalileta usoni mwangu likiwa bado na maji, huwa nasimama kidogo. Jirani yangu amenizoea. Anadhani ni mgongo. Nyinyi nitawaambia ukweli: huwa nangoja mtu atokee nyuma ya shuka.

Nililelewa kwenye nyumba za safu karibu na Barabara ya Jogoo, familia kumi na mbili kwa bomba moja. Jumamosi mama zetu walikusanyika bombani na makarai yao, wakafua na kuwasema watu mpaka saa saba. Kamba za nguo zilikatiza uani, na mashuka yakishaanikwa, sisi watoto tulikuwa na pazia. Tuliigiza harusi, baraza la chifu, mlevi anayetafuta mlango wake. Asha wa nyumba ya pili, rafiki yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Aligawa kazi na makonzi bila upendeleo.

Shida ilikuwa watazamaji, yaani mama zetu. Walitusikiliza kwa sikio moja huku wakisugua. Ndipo Asha akatunga sheria yake, na mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto uigizaji kwenye ukumbi wa mtaa, sijapata maelezo ya maigizo yanayoishinda. Alisema mchezo haujaanza mpaka mikono isimame ndani ya karai. Tungeweza kupayuka, kucheza ngoma na kuanguka kifudifudi, lakini kama mikono bado inasugua, tulikuwa tunapiga kelele tu. Asha alichungulia katikati ya mashuka mawili na kutuletea habari: Mama fulani amesimama, Mama fulani bado.

Mama yangu alikuwa bado kila wiki. Zamani mikono yake ndiyo iliyokuwa ikisimama kwanza. Lakini baba, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya reli, aliondoka asubuhi moja na homa kwenda hospitali, akasema atarudi kabla ya chai ya jioni. Mama akamwekea chai kwenye chupa. Hakurudi. Tangu tumzike, mama alifua akiwa ameinama, hatazami mchezo wala mtu, nami nikawa natamani kitu kimoja tu, ile mikono isimame tena kwa ajili yangu. Nilikuwa na miaka tisa na nililionea wivu hata povu.

Kitu kingine alichofua kila Jumamosi ni ovaroli ya baba, ya buluu. Aliianika katikati ya kamba, mahali inapoonekana kutoka njiani. Nilidhani ni huzuni.

Siku hiyo Asha alikuwa na mchezo mpya.

"Story ya leo inataka buda akirudi kutoka job," alisema. "Nani anaweza buda?"

Wote wakanitazama mimi nimwigize baba, kwa sababu ovaroli yake ilikuwa pale pale, inadondosha maji.

"Mathe atanimaliza," nikasema, nikimchungulia mama.

"Hawezi. Ako na nguo mingi."

Nikaivaa ikiwa mbichi. Mikono ilinipita mpaka magotini, miguu tuliikunja mara nne, na baridi yake ikanishika tumboni. Sikuwa nimefanya mazoezi yoyote, lakini niliposukuma shuka mwili ulikumbuka wenyewe. Baba alitembea akiinamisha bega la kulia, la mfuko wa vifaa, na akifika mlangoni alikohoa mara mbili ili aliye ndani ajue ni yeye. Nikainamisha bega. Nikakohoa mara mbili.

Nikamtazama mama. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye povu, imetulia. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya jioni ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi, "Umechelewa, Baba Nekesa."

Nekesa ni mimi, na hivyo ndivyo alivyomwita baba. Nilikasirika, sitaficha. Mtazamaji haongei. Asha, aliyekuwa mke wangu mchezoni na mwiko mkononi, akamwambia kwa heshima zote, "Mama Nekesa, hapo ni mimi naongea."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ananingoja. Maneno yangu yalikuwa yamenipotea, basi nikachukua ya baba, yale ya kila jioni.

"Kazi ilinishika, Mama Nekesa. Chai iko?"

"Iko," akasema. "Nilikuwekea."

Akacheka, au nilidhani anacheka, akapangusa macho kwa mikono yenye sabuni. Wenzake wakamfungulia maji anawe, wakilalamika kwamba sabuni za siku hizi ni kali.

Mchana kutwa nilingoja kichapo. Badala yake mama alichukua mkasi, sindano na uzi, akaikata mikono ya ovaroli na kuipinda ifike kimo changu. "Ni ya mchezo sasa," alisema. Haikuanikwa tena katikati ya kamba.

Nilikuwa mtu mzima mamake Asha aliponieleza. Ile ovaroli ilianikwa ili anayepita njiani aone nyumba ile ina mwanamume, asije akajaribu mlango wa mjane. Kumbe mama naye alikuwa na mchezo wake kila Jumamosi, peke yake, mbele ya njia nzima, na mimi nilimvua vazi lake bila kuomba. Akaniachia.

Mama alituacha mwaka juzi. Leso yake ya kujifunga kiunoni naifua hata kama haijachafuka. Wanafunzi wakiniuliza maigizo ni nini, nawaambia habari ya makarai, na wanacheka. Yaliyobaki siwaambii. Mtu akienda, kuna neno linakubakia mdomoni, nalo halisemeki mpaka mwingine akuazime mwili wake kwa dakika mbili. Mama alilipatia neno lake nafasi pale uani. Mimi langu ninalo bado.

Ndiyo maana upepo ukiinua shuka, mikono yangu husimama. Yeyote akitokea pale amejifunga ile leso, hata awe mtoto wa jirani anayecheza, nitamwambia amechelewa. Nitamwambia pia chai iko, nilimwekea.